Pita Haisubiri: Mwongozo wa Kula Gyros na Souvlaki Kisiwani Rhodes

Pita ya Kigiriki, yaani mkate uliokunjiwa nyama, ikishafungwa kwenye karatasi, uhai wake ni dakika kumi. Zikipita hizo, chipsi zilizotiwa ndani zinalegea kwa mvuke wa nyama, nyanya inatoa maji, mtindi unayeyuka na kutuama chini, na mkate uliokuwa na ukavu kidogo nje na ulaini ndani unalowa wote. Wageni wengi hununua pita mjini, wakaibeba hadi ufukweni, wakaila baada ya nusu saa, kisha wakasema gyros haina lolote. Gyros ina mambo mengi. Inataka tu uijue saa yake, uusome mnara wake wa nyama, na uile palepale.

Tumeuelekeza mwongozo huu kwa Rhodes, kisiwa kikubwa cha Ugiriki karibu na pwani ya Uturuki, ambako kuanzia Aprili hadi Oktoba watalii hujaa. Mengi yaliyomo yatakufaa pia Kos, Naxos au Krete, ila kila kisiwa kina kidesturi chake. Krete, kwa mfano, usishangae kupakiwa mtindi mtupu mahali ambapo kwingine ungepakiwa tzatziki, mchuzi wa mtindi, tango na kitunguu saumu.

Vijue vitu vyenyewe kabla ya kufika kaunta

Gyros ni nyama iliyokatwa vipande bapa, ikatiwa viungo, ikapangwa tabaka juu ya tabaka kwenye chuma kilichosimama na kuzungushwa mbele ya moto. Ukiijua shawama ya Dar, Mombasa au Muscat, hii ni ndugu yake wa damu. Souvlaki ni mishikaki midogo: vipande vya nyama vya sentimita mbili hadi tatu kwenye kijiti, vikachomwa juu ya wavu. Huko Athens neno hilo lina mzunguko wake, kwa sababu wenyeji husema souvlaki wakimaanisha pita nzima iliyofungwa, na mshikaki wenyewe wakauita kalamaki. Ili usichanganywe, anza oda yako kwa neno "pita", kisha utaje nyama.

Pita yenyewe si ile ya Waarabu yenye mfuko. Ni mkate mnene wa hamira, upana wa sentimita 17 au 18, usio na uwazi ndani. Iweke akilini kama chapati nene iliyoumuka. Kwa kuwa haina mfuko, haijazwi. Hupakwa mafuta, ikapashwa juu ya bamba la moto, ikawekewa vitu katikati na kukunjwa kama koni. Hapo ndipo ustadi wa mfungaji unapoonekana, na hapo pia ndipo mambo mengi huharibika.

Hatua ya 1: Chagua saa

Majira ya kiangazi saa ya Ugiriki ni sawa na ya Afrika Mashariki, kwa hiyo aliyetoka Nairobi au Dar hana haja ya kugusa saa yake. Ila saa za kula si sawa. Mgiriki hula cha mchana kuanzia saa nane hivi, na cha usiku kuanzia saa tatu. Ukienda kaunta saa kumi na moja jioni utakuwa peke yako, na hilo si jambo la kufurahia.

Sababu ni hii. Mnara wa gyros huiva kwa nje tu. Mkataji akikwangua tabaka lililoiva, lililo chini yake linasogea mbele ya moto na kuanza kukaangika. Wateja wakiwa wengi, kila dakika chache kuna tabaka jipya lililoiva sasa hivi, lenye kingo zinazovunjika na ndani kuna majimaji. Wateja wakipungua, mwenye duka hana la kufanya ila moja kati ya mawili: apunguze moto, nyama ikae vuguvugu na kukauka, au aendelee kukata na kuiweka nyama kwenye sinia chini ya mnara, ichemke kwenye mafuta yake. Zote mbili utazitambua mdomoni, nyama itakuwa ngumu kama kamba au laini isiyo na ukingo.

Saa nzuri mchana ni kuanzia saa saba na nusu hadi saa tisa. Usiku, saa mbili hadi saa tano. Ikiwa njaa imekubana katikati, achana na gyros, agiza souvlaki. Mishikaki huchomwa unapoagiza, kwa hiyo saa mbovu haiidhuru sana.

Hatua ya 2: Chagua duka

Ndani ya kuta za Mji Mkongwe wa Rhodes, barabara ya Sokratous ndiyo njia kuu ya watalii. Kula huko si dhambi, lakini mwenye duka anajua kwamba wewe hutarudi tena. Ingia vichochoro viwili vitatu pembeni, au toka kabisa nje ya kuta uingie mji mpya, mitaa wanayoishi wenyeji. Dalili unazotafuta ni hizi: vijana wenye pikipiki wanaosubiri mifuko ya oda za simu, mafundi wenye nguo za kazi, bibi anayeagiza pita sita bila kutazama ubao wa bei.

Duka lenye mpigadebe mlangoni anayekuita kwa lugha nne, lipite. Duka la pita linalosifika halihitaji wa kuvuta watu mkono. Lenye menyu ya kurasa kumi, piza na tambi na sushi pamoja, lipite pia. Mnara wa gyros hapo ni pambo. Na ukiweza kumuuliza mwenyeji swali moja tu, muulize ni duka lipi linalobaki wazi majira ya baridi. Lililo wazi Januari linaishi kwa hela ya wakazi wa kisiwa, na wakazi hawasamehi pita mbovu mara mbili.

Lindos, kijiji cheupe kilichoko kilomita hamsini hivi kusini mwa mji, ni kesi ya peke yake. Mchana hujaa wageni wa mabasi. Wengi huondoka alasiri, na ni baada ya hapo ndipo kaunta zake zinapopumua na kukuhudumia vizuri.

Hatua ya 3: Usome mnara

Simama hatua mbili kutoka kaunta, utazame kabla ya kusema neno. Inachukua nusu dakika.

Tazama umbo kwanza. Mnara uliopangwa kwa mkono una kingo zisizo sawa, unaona matabaka ya nyama, hapa limetokeza na pale limeingia. Mnara laini kama nguzo ya saruji, rangi moja juu hadi chini, umetokana na nyama iliyosagwa au kubanwa kiwandani. Si sumu, ila hautakupa zile kingo zilizokaangika ambazo ndizo utamu wa gyros.

Kisha tazama kisu. Mkataji mzuri anachukua vipande vyembamba, virefu kama kidole, kutoka sehemu iliyogeuka kahawia pekee, kisha anazungusha mnara. Mkataji mwenye papara anachimba ndani. Ukiona nyama ya kuku iliyokatwa ina weupe wa kung'aa au uwaridi, usiichukue hivyo ilivyo. Sema "kalopsimeno", yaani iliyoiva vizuri, aitupie kwenye bamba dakika moja zaidi. Watu hawaoni vibaya kuombwa hivyo.

Mwisho tazama sinia lililo chini ya mnara. Likiwa na mlima wa nyama iliyokwisha kukatwa na hakuna foleni, rudi baadaye.

Hatua ya 4: Ijue nyama unayopewa

Hapa Mwislamu, na yeyote asiyekula nguruwe, asome polepole. Kote Ugiriki, gyros ikitajwa tu bila maelezo ni ya nguruwe, ile nyama ambayo Dar huitwa kitimoto. Souvlaki nayo vivyo hivyo. Usidanganywe na ule undugu wa shawama ukadhani ni ng'ombe au kondoo.

Maneno ya kusoma ubaoni: "hirino" ni nguruwe, "kotopulo" ni kuku, "vodhino" ni ng'ombe, "arni" ni kondoo. "Lukaniko" ni soseji, kwa kawaida ya nguruwe. "Kebap" ya Ugiriki ni nyama ya kusaga iliyoviringishwa, mara nyingi ng'ombe au mchanganyiko na kondoo, na "bifteki" ni kababu bapa ambayo mara nyingi huchanganywa na nguruwe. Majina haya mawili usiyaamini bila kuuliza. Swali lake ni fupi: "Ehi hirino mesa?" Maana yake, ndani mna nguruwe?

Hata hivyo kuku peke yake halimalizi jambo. Minara miwili husimama bega kwa bega, kisu na koleo hupita kote kuwili, na pita hupashwa kwenye bamba lilelile linalotiririkiwa na mafuta ya nguruwe. Halafu kuku huyo kachinjwa vipi, duka la kawaida halina jibu. Rhodes na Kos wana jamii ya Waislamu wenye asili ya Kituruki waliokuwako tangu enzi za Waosmani, na msikiti wa Ibrahim Pasha katika Mji Mkongwe umejengwa karne ya 16, lakini kuwepo kwa jamii si cheti cha halali dukani. Anayetaka uhakika aulize mahali hasa, asikisie.

Kwa bahati kisiwa kina chakula kingi kisicho na nyama kabisa, na kipo neno moja la kukifungulia mlango: "nistisimo". Ni chakula cha mfungo wa Waorthodoksi, kisicho na nyama, maziwa wala mayai. Mwulize mwuza mikate "nistisimo?" atakuonyesha kwa kidole. Fahamu tu kwamba mfungo wao unaruhusu pweza, ngisi na kamba. Na usiondoke Rhodes bila kuonja pitaroudia, bajia za dengu kubwa zenye kitunguu na mnanaa. Aliyelelewa kwa bajia za Mombasa atajihisi yuko kwao, na zinakaangwa ukizisubiri. Uliza tu kama mafuta yake hayakaangi nyama.

Hatua ya 5: Agiza kwa maneno machache

Mswahili ana bahati hapa kuliko Mzungu. Ile "dh" ya dhahabu, "th" ya thamani na "gh" ya ghali zote zimo katika Kigiriki, kwa hiyo ulimi wako tayari unazijua. Kumbuka tu kwamba gyros hutamkwa "yiros", na ukiiagiza inakuwa "yiro".

Mfano wa oda kamili: "Kalispera. Dhio pites yiro kotopulo, ap ola, parakalo." Habari za jioni, pita mbili za gyros ya kuku, tia vyote, tafadhali. "Ap ola" ndiyo nguzo ya sentensi: nyanya, kitunguu, tzatziki na chipsi. Kama hutaki kitunguu, "horis kremidhi". Bila mchuzi, "horis dzadziki". Ukiagiza kuku, huenda ukapakiwa mchuzi mwingine wa haradali na mayonezi kwa sababu ndivyo wengi walivyozoea kuku. Unayetaka tzatziki, itaje.

Utaulizwa swali moja: "Ya edho i ya ekso?" Hapa, au ya kubeba? Jibu "ya edho" hata kama utakula umesimama nje ya mlango. Ukisema ya kubeba, mfungaji ataiziba karatasi yote na kuitia mfukoni, na dakika kumi zako zimeanza kuliwa.

Halafu kuna mtego. "Ne" kwa Kigiriki ni ndiyo. "Ohi" ni hapana. Na mtu akiinua kidevu juu na kugonga ulimi, "ts", amekwambia hapana. Uliyeuliza habari ya nguruwe ukajibiwa "ne", umejibiwa kwamba imo.

Hatua ya 6: Lipa

Miaka ya 2024 na 2025 pita moja visiwani ilikuwa euro 4 hadi 6, na Santorini na Mykonos zaidi ya hapo. Sahani kamili, inayoitwa "meridha", yenye nyama, pita iliyokatwa, chipsi, nyanya na tzatziki, huzidi mara mbili ya bei hiyo. Kwa mtu mmoja mwenye njaa pita mbili ni nafuu kuliko sahani.

Dai risiti, "apodhiksi". Maduka hubandika tangazo kwamba mteja halazimiki kulipa asipopewa risiti halali. Si maneno ya mapambo, ni sheria. Kadi hupokelewa, ila sarafu chache zikae mfukoni. Maji ya chupa ndogo ya nusu lita kwenye kibanda cha mtaani ni senti 50, bei iliyowekewa ukomo na serikali. Ukitozwa zaidi kibandani, sogea kibanda cha pili.

Ukikaa kwenye meza ya taverna, yaani mgahawa wa Kigiriki, mambo mawili yanaweza kuivimbisha bili: mkate unaoletwa bila kuombwa hutozwa, na samaki huuzwa kwa kilo. Waombe wampime samaki mbele yako na kukutajia bei kabla hajaenda motoni.

Hatua ya 7: Kama ni lazima ubebe

Pengine watoto wako chumbani, au umepania kulia ufukweni. Basi usibebe pita zilizofungwa. Beba vitu vyake.

Agiza meridha, au nyama kwa uzito. Maduka mengi huuza gyros kwa kilo au nusu kilo pamoja na pita kadhaa. Nusu kilo inatosha pita tano, kila moja gramu mia hivi. Omba tzatziki iwekwe kwenye kikopo chake, nyanya na kitunguu kando, na chipsi kwenye karatasi isiyofungwa mdomo. Chipsi ukizifungia ndani ya foili zimekwisha. Mvuke ukikosa pa kutokea unarudi kwenye chipsi, na hakuna tanuri litakalozirudishia uhai. Mfuko wa karatasi ubebe wima, mdomo wazi.

Ukifika, kunjia kila mtu yake anapokuwa tayari. Pita ikipoa inakakamaa na kupasuka ukiikunja. Ndani ya nyumba ipitishe kwenye kikaango sekunde ishirini kila upande.

Joto ni jambo la kuogopa kwelikweli. Julai na Agosti Rhodes hupita nyuzi 30 kwa urahisi. Kuku na tzatziki zisikae nje zaidi ya saa mbili, na siku ya joto kali isizidi saa moja. Kilichobaki tupa, usikihifadhi kwa huruma. Mwishoni mwa kiangazi nyigu hufuata nyama hadi mkononi, kwa hiyo kifunike chakula na uangalie kopo la soda kabla ya kunywa. Fukwe za magharibi zina upepo mkali, karatasi na vifuniko huruka hadi majini. Ukitaka kula nje kwa amani, ufukwe wa mashariki.

Asubuhi, na kitu kitamu

Kabla mnara haujawashwa, anayelisha mji ni mwoka mikate, "furnos". Tiropita ni ya jibini, spanakopita ni ya mchicha wa kizungu, zote kwa tabaka nyembamba kama manda za sambusa. Ifikie kabla ya saa tatu asubuhi. Baadaye ni ileile iliyokuwa ikipashwa kwenye kabati la kioo. Kahawa ya Kigiriki huchemshwa na unga wake kama kahawa chungu ya vijiweni, na sukari hutiwa wakati wa kuchemsha, kwa hiyo sema mapema: "sketo" bila sukari, "metrio" wastani, "ghliko" tamu. Usiikoroge, na masimbi ya chini uyaache.

Loukoumades ni kaimati. Hata jina ni la ukoo mmoja, la kutoka Kiarabu. Tofauti ni kwamba hizi humwagiwa asali na mdalasini juu, hazichovywi kwenye shira, na huliwa moto, kwa uma. Zilizopoa usinunue. Cha kubeba nyumbani ni melekouni, kashata za ufuta na asali ambazo Rhodes hugawiwa harusini. Zinastahimili safari ndefu.

Hatua ya 8: Ukiwa na jiko chumbani

Kwa asiyeamini bamba la dukani, hii ndiyo njia bora, na haihitaji mnara. Duka kubwa la chakula litakupa pita za paketi, nusu zimeiva, na mtindi uliochujwa unaoitwa "straghisto". Chukua wenye mafuta asilimia 10. Nyama iwe unayoiamini. Ukiikosa, jibini la halloumi lililokatwa vipande vya sentimita moja na kukaangwa kavu dakika mbili kila upande linashika nafasi vizuri.

Vipimo vya pita nane, watu wanne:

Kuku: kilo 1 ya mapaja yasiyo na mfupa, mafuta ya zeituni vijiko 4 vya chakula, maji ya limau vijiko 2, vitunguu saumu punje 3 zilizopondwa, oregano kavu vijiko 2 vya chai, paprika vijiko 2 vya chai, chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai. Changanya, weka kwenye friji saa mbili hadi nne. Usilaze usiku kucha, limau litaifanya nyama iwe kama unga.

Tzatziki: mtindi straghisto gramu 500, tango moja kubwa, vitunguu saumu punje 2, mafuta ya zeituni vijiko 2 vya chakula, siki kijiko 1, bizari ya majani kidogo. Tango liparuze, litie nusu kijiko cha chai cha chumvi, lisubiri dakika ishirini, kisha likamue kwa mikono miwili mpaka liache kudondosha. Usipolikamua, baada ya saa moja utakuwa na supu. Aliyeko Mombasa au Dar achuje lita moja ya mtindi wa kawaida kwenye kitambaa cha pamba, ndani ya friji, saa nne au zaidi, hadi ubaki karibu nusu. Tzatziki itengenezwe kabla ya nyama, ipate nusu saa ya kutulia.

Sasa kaanga. Kikaango kizito, moto mkali, mapaja yaliyofunguliwa bapa, dakika tano au sita kila upande hadi yawe kahawia. Fanya awamu tatu. Ukiyajaza yote mara moja yatatoa maji na kuchemka, nawe umepoteza gyros umepata mchuzi. Yatoe, yapumzike dakika tano, yakate vipande vyembamba, kisha rudisha vipande hivyo kwenye kikaango kikavu dakika moja au mbili. Hatua hii ya pili ndiyo inayofanya kazi ya mnara: inatengeneza zile kingo. Wengi huiruka, na tofauti ni kubwa.

Chipsi: gramu 800 za viazi, unene wa sentimita moja, vilowekwe nusu saa na kukaushwa kwa taulo. Kaanga kwanza moto wa wastani dakika sita bila kubadilika rangi, toa, kisha moto mkali dakika mbili.

Mahali pasipouzwa pita za namna hii, kanda unga wa ngano gramu 500, maji ya vuguvugu mililita 300, hamira gramu 7, chumvi gramu 10 na mafuta vijiko 2. Uumuke saa moja, ugawe madonge manane, sukuma sentimita 18, na utoboe kila moja kwa uma kila mahali. Bila matundu hayo itafura na kuwa na mfuko. Kaanga kwenye chuma cha chapati kilichopakwa mafuta, dakika moja na nusu kila upande, uzifunike kwenye kitambaa. Zile za paketi pia zipake mafuta pande zote mbili na uzipashe dakika moja tu kila upande. Pita iliyokauka inakatika ikikunjwa, na dawa haina.

Kufunga: kata karatasi ya kuokea mraba wa sentimita 30. Weka pita juu yake kwa namna ya kwamba theluthi ya juu imetokeza nje. Paka tzatziki kijiko kimoja kilichojaa katikati, panga nyama kwa urefu, kitunguu chembamba kilichochanganywa na kotimiri na paprika, vipande viwili vya nyanya, na mwisho chipsi, vichwa vikitazama nje ambako mvuke unatokea. Kunja kushoto, kunja kulia kwa kubana, halafu usokote mkia wa karatasi kwa nguvu, kwa sababu mkia huo ndio utakaozuia mchuzi usiingie kwenye mkono wa shati. Mpe aliye tayari kula, ndipo uanze kufunga inayofuata. Usizifunge zote nane kwa mpigo.